Pacha wa Foleni ya Sukari

"Wewe Babirye, hiyo sufuria umeikosea nini?"

Aliyeuliza ni Hajarah, mwuza mivumba, yaani nguo za mitumba, wa Kimaka, mjini Jinja. Alikuwa amesimama mlangoni kwa jirani yake mpya na furushi la nguo kichwani. Alichokiona ni hiki: jirani amegonga sufuria kwa kiwiko, sufuria imeanguka, na kabla haijamaliza kulia sakafuni mwenyewe ameinama na kuiambia, "Samahani." Wala si kwa mzaha. Kwa sauti ya mtu aliyemkanyaga askofu mguu.

Babirye aliitazama sufuria, akamtazama Hajarah. "Samahani," akasema tena, safari hii kwa Hajarah, kwa kuwa alimsumbua hadi akauliza.

"Subhanallah," Hajarah akasema, akatua furushi. "Huyu mtu walimfanya nini?"

Hilo la pili ndilo lilikuwa swali lenyewe, na jibu lake linatoka mbali. Lina vita ndani yake, lina sukari, na lina wazazi wawili waliopendwa kuliko wazazi wote wa mashariki ya Uganda, maana walijipenda wenyewe bila kungoja msaada wa mtu.

Tuanze na baba, kwa sababu yeye asingekubali tuanze na mwingine.

Yekosofati alikuwa mtunza stoo wa magereza huko Jinja, siku za utawala wa jeshi. Kazini alitoa majembe asubuhi na kuyapokea jioni. Nyumbani alikuwa jenerali. Watoto hawakumwita baba, walimwita Afande. Jioni akishakula alipanga gwaride: mke kwenye kiti, watoto wawili wima ukutani, yeye katikati akisimulia jinsi siku hiyo gereza zima lingepotea kama si yeye. Kiswahili chake kilikuwa kile cha laini za askari, kisichojali ngeli wala mgeni.

"Mkubwa nauliza, nani iko na akili hapa? Watu yote nanyamaza. Mimi nasimama. Wewe Eseza! Nacheka nini?"

"Sijacheka, Afande."

"Nasema nini?"

"Nimekosa, Afande."

Eseza ndilo jina alilobatizwa huyu tunayemwita Babirye. Naye hakuwa amecheka, alikuwa amepiga chafya. Lakini Afande akiwa anasimulia, chafya nayo ilihesabiwa uasi. Ndivyo mtoto alivyojifunza kwamba neno "nimekosa" ni kama mwavuli: unalifungua kwanza, mvua utaiuliza baadaye.

Mama, Tezira, alikuwa mzuri wa sura, na kama ulisahau alikukumbusha. Yeye hakupiga kelele kama mumewe. Yeye aliugua. Ukimsifu mwanamke mwingine mbele yake, moyo ulimwenda mbio, akalazwa, akapepewa, mpaka uzuri wa yule mwingine upungue. Alikuwa na mtoto wa kiume, Apollo, aliyempenda sana kwa kuwa walifanana. Nyama ilianza kwa Apollo. Maji ya kuoga yalianza kwa Apollo. Hata katika sala, Mungu aliombwa ambariki Apollo kwanza, halafu wengine kama atapata nafasi. Eseza alikuwa dada yake mkubwa, kampita mwaka na zaidi, lakini kwa mama yao yeye alikuwa yule tu aliyekuja mapema kufagia njia.

Basi mwaka 1979 vita ikafika Jinja. Siku zile mtu mwenye sare alitafuta shati la raia kama mwenye kiu anavyotafuta maji. Afande alikuwa ameahidi mbele ya gwaride, jioni nyingi, kwamba adui akija atamkuta yeye peke yake amesimama kwenye daraja la mto Nili. Adui alipokaribia, alitupa funguo za stoo kwenye nyasi, akavaa gomesi ya mkewe, ile ya maua ya zambarau, akajifunga leso kichwani na kupanda lori la kwenda Mbale na mabunda ya mablanketi ya serikali. Tezira alilia njia nzima. Watu walidhani anaililia nyumba yake. Sivyo. Mwanamke mmoja mle ndani ya lori alikuwa amesema, "Hii gomesi imempendeza sana huyu mama mwenye mabega."

Mbale walipata chumba upande wa viwandani, nyuma ya kinu kilichokufa. Hapakuwa na mtu aliyewajua. Vita iliwanyang'anya wengine kila kitu, lakini hawa wawili iliwapa kile walichokitamani tangu zamani: watu wapya wa kuwasimulia. Haukupita muda, Afande akawa ndiye aliyefungua milango ya gereza na kuwaachia mateka kwa mkono wake. Gomesi nayo haikufichwa. Ikawa vazi la upelelezi.

Tezira alichelewa kidogo kupata hadithi yake. Aliipata kwenye foleni.

Sukari ilikuwa imepotea mjini. Ilipoletwa, iligawiwa uwanjani kwa mkuu wa mtaa, na foleni ilizunguka hadi barabarani. Jua lilikuwa kali, na Tezira hakuumbwa kwa ajili ya foleni. Mkuu wa mtaa, mzee wa Kigisu mwenye heshima zake, akapaza sauti: "Mama wa pacha wapite mbele! Msiwasimamishe juani!"

Kwetu ndivyo ilivyo. Aliyezaa pacha hasukumwi wala hafokewi, maana baraka yake ni kubwa na hasira yake inaogopwa. Wasoga, kabila la akina Tezira, humpa jina jipya kabisa, Nabirye, na mumewe huitwa Isabirye, na anayewadharau hao anajitafutia mkosi.

Tezira akatazama mbele, akatazama nyuma, akawashika watoto wake mikono. "Mimi hapa," akasema. "Mimi ni Nabirye."

Mzee akawatazama watoto. Eseza alimpita Apollo kichwa kizima.

"Hawa ni pacha?"

"Huyu wa kike ndiye alitangulia," Tezira akasema, akimsukuma Eseza mbele. "Alikula sana tumboni."

Akapewa sukari, na kipimo kingine juu yake kwa ajili ya baraka. Kutoka siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kumwita Tezira. Sukari iliisha upesi, jina likabaki.

Tena pacha wa Kisoga wana majina yao, na hayachezewi. Msichana akitoka kwanza, ni Babirye, na mvulana wa nyuma yake ni Tenywa. Mvulana akitoka kwanza, ni Waiswa, na msichana wa nyuma ni Nakato. Kwa hiyo Eseza aliondoka nyumbani asubuhi akiwa Eseza, akarudi akiwa Babirye, na amebeba sukari.

"Mama," alisema walipofika, "mimi nina miaka kumi na miwili. Apollo ana kumi na mmoja hata haijaisha."

"Na wewe una kumi na mmoja sasa. Au unataka mama yako aitwe mwongo?"

"Hapana, mama. Nimekosa."

Ndiyo. Mtoto aliomba radhi kwa kuzaliwa mapema.

Kuwa pacha ikawa kazi, na haikuwa na likizo. Walishonewa nguo za kitambaa kimoja, maua kwake na maua kwa Apollo, ambaye alilia mpaka akakatiwa suruali ya kaki, na siku hiyo pacha wakaruhusiwa kutofautiana. Eseza alirudishwa darasa ili wakae dawati moja. Apollo alipougua malaria, Eseza naye alilazwa mkekani kando yake, kwa sababu majirani walijua kwamba pacha huugua pamoja. Alipewa kwinini. Masikio yakamvuma kwa ugonjwa asiokuwa nao, na mama yao akakaa katikati akipokea pole za wawili.

Lakini hayo yalikuwa madogo. Ukaja mtihani wa kumaliza msingi. Eseza akafaulu, Apollo akaanguka. Wakati huo walikuwa wamehamia mtaa wa Nkoma, huko huko Mbale, kwa watu wenye mishahara, maana Afande alikuwa amepata ukarani kwa ushujaa wake. Wanawake wa Nkoma walikuja kumpongeza Nabirye kwa binti yake. Nabirye akashika kifua.

"Pacha hawatenganishwi," akasema. "Nitawezaje kumpeleka mmoja mbele na kumwacha mwenzake analia? Mimi ni mama." Machozi yakamtoka kwa uzuri wa maneno yake mwenyewe. Wanawake nao wakalia, wakampa pole, wakasema mama wa namna hii amebaki mmoja duniani. Hakuna aliyempa pole Babirye, aliyekuwa anawamiminia chai. Shule yake iliishia hapo, kwenye birika.

Akakaa nyumbani, akafua, akapika, na jioni akasimama ukutani kwa gwaride, maana serikali zilibadilika nyingi miaka ile lakini Afande hakung'oka.

Aliyemtoa alikuwa Waibi, fundi wa vinu vya mahindi kutoka Jinja, kijana mpole mwenye unga kwenye nyusi. Vita za miaka ile zilipotulia, watu walikuwa wanafufua vinu, naye aliletwa kukifufua kimoja upande wa viwandani. Siku moja akirudi nyuma na spana mkononi alimkanyaga msichana aliyeleta mahindi. Msichana akasema, "Samahani." Waibi akadhani hayo ni malezi mema. Wanaume wengi wamekosea hapo. Walifunga ndoa kanisani mwaka 1988, Nabirye akalia kuliko bibi arusi, na wakahamia Kimaka, mlango kwa mlango na Hajarah.

Sasa Babirye alikuwa mcha Mungu, na kila asubuhi alipiga magoti kuomba. Ukuta wa nyumba zile ni mwembamba. Hajarah alisikia sala hiyo kwa muda mrefu, mwishowe akashindwa.

"Jirani, samahani zako ni nyingi. Tangu nikufahamu sijasikia unamwomba Mungu kitu. Kutubu tu. Unaiba saa ngapi? Maana mchana kutwa nakuona."

Babirye akacheka, kisha akajiziba mdomo, kisha akalia. Na katika kulia yakamtoka: "Mimi si pacha."

Alimweleza yote, foleni, kwinini, birika. Hajarah alicheka kwenye sukari mpaka akajifuta macho kwa leso. Lakini alipofika kwenye mtihani hakucheka.

"Na huo mwaka wako waliokula," akauliza, "na shule yako, wanarudisha lini?"

"Ni wazazi wangu, Hajarah. Biblia inasema niwaheshimu."

"Hata Kurani inasema. Lakini kuheshimu mzazi si kumwabudu. Ukimwabudu mtu, Mungu anakuuliza wewe na yeye anamwuliza. Mnaulizwa wote." Akafikiri kidogo. "Jina lako nani, la kweli?"

"Eseza."

"Basi Eseza, kesho nakuja kuomba chumvi. Kazi yako ni kuninyima."

Mwenyezi Mungu ana njia zake za kumponya mja wake. Wengine huletewa malaika. Eseza aliletewa Mwislamu mwenye mdomo.

Kesho yake Hajarah akaja na kikombe. "Nipe chumvi."

"Chukua, dada."

"Nimesemaje jana?"

"Samahani. Chukua na kitunguu."

Keshokutwa akampa chumvi, kitunguu na kijiko cha mafuta. Kila siku Hajarah alikuja na kikombe, kila siku alirudi kwake kimejaa, na jioni aliileta chumvi yote kwa mfuko ili Eseza apate ya kumpa kesho. Waibi hakuelewa. "Huyo jirani anapika nini," akauliza, "bahari?"

Mpaka asubuhi moja, Hajarah akasema, "Nipe chumvi," na Eseza, akiwa amejishika mlangoni kama mtu aliye kwenye mashua, akasema, "Leo sikupi."

"Allahu akbar!"

Hajarah hakuwa amefika barazani kwake aliposikia miguu inamfuata mbio. "Dada Hajarah! Umekasirika? Chukua, chukua nusu!"

Ndivyo ilivyokwenda, mbele hatua moja na nyuma nusu. Lakini mwezi hadi mwezi nusu ikapungua. Alivunja sahani akaokota vipande kimya. Akamwambia mwenye duka, "Hii nyama ni mifupa mitupu, badilisha," kisha akatembea mpaka nyumbani na nyama nzuri mkononi. Siku moja alimwigiza Afande kwa Hajarah, amejifunga leso kichwani na mabega juu, "Mimi nasimama kwenye daraja, risasi iko napita!" wakacheka mpaka mtoto wa nyumba ya tatu akaja kuchungulia. Akaogopa baadaye, akatazama mlangoni, lakini radi haikupiga.

Halafu akashika mimba, tumbo likawa kubwa kuliko la watu. Mkunga alipoweka sikio, akasikiliza huku, akasikiliza kule, akacheka. Eseza alijifungua mvulana, na nyuma yake msichana. Waiswa na Nakato. Pacha wa kweli, waliozaliwa siku moja na mama mmoja, wala hapakuwa na sukari inayogawiwa.

Ukoo wa Waibi ukapiga vigelegele. "Nabirye! Hongera, Nabirye!" Waibi akawa Isabirye, akatembea Kimaka kama mtu aliyevaa kofia mpya.

Habari ilifika Mbale kwa dereva wa basi. Wanasema mama yake aliketi chini. Nyumba moja Nabirye wawili? Tena huyu mwingine na ushahidi? Na hapo Nkoma mambo yalikuwa yameanza kwenda vibaya. Mwanamke mmoja aliyekaa zamani laini za magereza Jinja alikuwa amehamia, akamsalimia kanisani mbele ya watu: "Tezira! Na yule Eseza uliyemzaa siku ya mvua ya mawe, na Apollo wa mwaka uliofuata, wazima?" Tangu hapo wanawake wa Nkoma walikuwa wanamwita Nabirye kwa kukohoa kidogo. Alihitaji pacha wa kushika mkono barabarani, na alijua pa kumpata.

Alifika Kimaka kwa gari la kuazima, na Afande, Apollo na mablanketi mawili. Alimpita Eseza kitandani, akawainamia watoto.

"Wamechukua sura yangu," akasema. Kisha, akijipepea, "Nimechoka mimi. Watu hawajui kazi ya kuwa bibi wa pacha. Nakato nitamchukua Mbale baada ya sherehe ya pacha. Wewe wawili huwawezi. Hata mmoja sijui. Mimi ninajua pacha, nimelea pacha."

Eseza alimtazama mtoto, mdogo kama mkate, amekunja ngumi. Alifungua mdomo. Na neno lililotoka lilikuwa lile lile lililotoka siku zote, limevaa viatu tayari.

"Sawa, mama. Samahani."

Waibi alisikia kutoka nje. Lakini Waibi afanye nini? Kwa Wasoga mkwe haonani na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani anaingia kichakani. Tangu Nabirye wa Mbale afike, maskini alikuwa anaishi nyuma ya migomba, anapitishiwa chakula, na akitaka kusema neno anamwambia mgomba.

"Mwambieni," aliuambia mgomba, "mtoto ni wangu pia."

"Mgomba unasema nini?" Nabirye akauliza, akaendelea kunywa chai.

Hajarah aliposikia, alikuja bila kikombe. Alimkuta Eseza anawanyonyesha, machozi yanawadondokea watoto.

"Mimi umeninyima chumvi," akasema, "yeye umempa mtoto?"

"Imeshanitoka, Hajarah. Nimekubali. Nikirudi nyuma sasa ataugua, na watu watasema nimemuua mama yangu."

"Huyo? Huyo atatuzika sote, na kwenye matanga atalalamikia chai." Akakaa kitandani, sauti ikashuka. "Sikiliza. Huyu mtoto akienda Mbale, atasimamishwa ukutani jioni. Atakunywa dawa ya ugonjwa wa mwingine. Wewe unajua, mimi nimesikia tu. Siwezi kukusemea. Wakisema Mwislamu jirani ameingilia, umekwisha. Ni mdomo wako."

Siku ya sherehe ikafika. Asubuhi walikwenda kanisani, watoto wakaombewa, mchungaji akahubiri vizuri. Mchana, Mungu akiwa amepewa zamu yake, ukoo ukakusanyika uani na ngoma, majani ya kubarikia na pombe ya ndizi, wakaanza nyimbo za pacha. Nyimbo hizo kalamu ya Mkristo haiwezi kuziandika, ingawa mzee wa kanisa alizijua zote na alikuwa na sauti nzuri.

Aliyeongoza mambo ni shangazi yake Waibi, bibi Kagoya, mwenye meno matatu na miguu ya kucheza. Yeye mwenyewe alizaa pacha siku za Waingereza. Nabirye wa Mbale, katika gomesi inayong'aa kuliko ya mzazi, akasogea mbele akashika majani kabla hajaitwa.

"Mimi ndiye nitakayewabariki," akasema. "Mimi ni Nabirye wa siku nyingi."

"Vizuri, mwenzangu," Kagoya akasema kwa heshima yote, akapiga goti kidogo. "Basi tuulizane kama desturi, sisi tuliozaa wawili. Wako, nani alitangulia?"

Mama yake Eseza hakufikiri. Kwa nini afikiri? Maisha yake yote swali hilo lilikuwa na jibu moja.

"Apollo," akasema. "Apollo wangu ndiye wa kwanza siku zote."

Mpiga ngoma akakosa pigo. Kagoya akatazama huku na huku.

"Apollo ni nani?"

Apollo alikuwa kwenye paja la kuku, hakuwa amefuata mazungumzo. Akainua mkono.

"Na jina lako la pacha, mwanangu?"

"Tenywa, bibi," akajibu na kuku mdomoni.

"Tenywa." Kagoya alilitafuna jina hilo kwa meno yale matatu. "Huyu alitoka mbele, akapewa jina la nyuma. Na Babirye alitoka nyuma, akapewa jina la mbele. Mwenzangu, ulizaa ukirudi kinyumenyume?"

Ua zima likalipuka. Wanawake walishikana. Mama wa pacha anaweza kusahau jina la baba mkwe, anaweza kusahau ndoa ilifungwa siku gani, lakini nani alitangulia, hilo hata akiwa na homa ya kufa analijua. Nyuma ya migomba palisikika mtu anapiga mgomba makofi.

Nabirye akashika kifua. "Vita! Vita ilinichanganya!"

Afande akainuka papo hapo. "Vita! Nyinyi yote hapana jua vita. Mimi nasimama kwenye daraja..."

"Kaa, bwana," Kagoya akamwambia. "Hapa bado tunazaa."

Afande akakaa. Ilikuwa mara ya kwanza Eseza kumwona baba yake akikaa kwa amri ya mtu, na alishangaa jinsi alivyokuwa mfupi.

Lakini mama yake hakuwa amekwisha. Mtu aliyeaibika huchukua kilicho karibu, na kilichokuwa karibu ni Nakato, mikononi mwa msichana mmoja wa ukoo. Alimnyakua, akamfunika blanketi la kijivu.

"Apollo, weka hiyo nyama, washa gari. Hapa hakuna heshima. Na msiniangalie hivyo, mtoto huyu tulipatana. Mwulizeni mama yake. Alisema sawa kwa mdomo wake mwenyewe. Ulisema au hukusema?"

Kicheko kikakatika. Ilikuwa kweli, alisema. Watu wote wakamgeukia. Kagoya hakuongeza neno, maana ya pacha alikuwa amekwisha kuyasema, na hili lilikuwa la mama na bintiye. Waibi alitoa kichwa kati ya majani, akamwona mama mkwe, akakirudisha. Hajarah alikuwa ameingiza ncha ya leso mdomoni na kuiuma ili asiseme.

Eseza alimtoa Waiswa kwenye ziwa, akampa Kagoya. Akasimama. Kutoka mkekani hadi kwenye gari hapakuwa mbali, lakini alitembea kama mtu anayevuka mto ambao hajui kina chake. Ndani ya blanketi Nakato akaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa hasira ya mtu aliyesahauliwa, na maziwa yakaanza kulowesha gauni la Eseza, kwa sababu maziwa hayangoji mkutano.

Mama yake aliona anakuja, akajaza macho machozi. "Unanifuata kunitukana? Mimi niliyejinyima kwa ajili yenu? Moyo wangu, Eseza, moyo wangu unakwenda mbio, nitaanguka hapa hapa, watu wakuone!"

Eseza alingoja mpaka amalize. Mama hakuanguka. Basi akanyoosha mikono yote miwili na kusema, kwa sauti iliyosikika mpaka migombani:

"Mama, nipe mtoto. Haendi Mbale. Nataka kumnyonyesha."